Mgonjwa Hashirikiani

Rhotia, Karatu
Jumapili, 9 Juni 2024

Mpendwa Dada Blandina,

Tumsifu Yesu Kristo. Natumaini barua hii imekukuta umekaa chini, maana nakufahamu, hata chai yako huinywa umesimama. Habari za Dongobesh? Baridi ya mwezi huu inawatendeaje? Mgongo wako je, ile dawa ya kuchua niliyotuma kwa mke wa katekista ilikufikia au aliipaka yeye njiani? Maharage mmeshayapiga yote? Na Mama anakula vizuri? Kikohozi kimepungua? Ngozi ya kiunoni haijachubuka tena? Najua unamgeuza kila baada ya saa mbili, sina shaka nawe hata kidogo. Nauliza kwa sababu nimezoea kuuliza, ndiyo kazi inayonipa mkate.

Sisi huku ni wazima. Emilian anakusalimu, anasema shemeji yake amemsusa tangu Pasaka. Watoto wanasoma. Ukungu wa asubuhi umekuwa mzito hivi kwamba bodaboda wanaokuja kituoni huwasha taa hadi saa tatu. Kituo kimejaa, vitanda vyote kumi na nane vina watu, na wengine majina yao yako kwenye daftari wanasubiri.

Utashangaa kuletewa barua na kondakta wa basi wakati simu ninayo na vocha ninayo. Kwa simu ungenikatia, dada. Na mimi nikifika penye ugumu ningekata pia na kusingizia mtandao. Karatasi haina mahali pa kukimbilia.

Ninataka nini? Ninataka kuja kumsimamisha Mama. Nimeliandika mapema ili usisome huku unabahatisha. Najua ulivyoniambia Pasaka, tena mbele ya watu: kwamba niache kumsumbua Mama kwa mazoezi ya siku moja moja kila nikija kutembea, kwamba mimi mwenyewe nilishasema amefika kikomo, na kwamba aliyefika kikomo huachwa apumzike. Ulikuwa na haki ya kusema hivyo. Lakini kabla hujasema hapana kwa mara ya pili, soma kwanza habari za mzee mmoja wa Arash aliyenivua nguo mimi niliyedhani nimevaa.

Unajua kazi yangu kwa juu juu, kwamba naongoza watu wa mazoezi. Kwa kweli timu yangu ni watu saba. Wapo wa fiziotherapia, wanaorudisha nguvu za miguu na mgongo. Yupo anayewafundisha wagonjwa upya kuvaa, kula na kujifunga vifungo. Yupo binti wa kurudisha usemi kwa waliopooza ulimi. Na wapo wasaidizi wawili. Mimi ndiye ninayegawa wagonjwa: nani amshike nani. Kila Jumatatu tunakaa na mafaili, kila mtu anasema mgonjwa wake amefika wapi. Na nilipopewa uongozi miaka minne iliyopita, niliweka sheria yangu. Mgonjwa ambaye kwa wiki sita hashiriki mazoezi, anarudishwa nyumbani ili kitanda apewe anayetaka kupona. Kwenye faili tunaandika neno moja tu: hashirikiani. Sista Mkuu aliipenda sheria ile, na mimi nilijipenda kwa kuitunga. Watu wa hapa huniita Mama Wiki Sita. Nilikuwa najua na sikukasirika, nilidhani ni sifa.

Mwezi wa tatu mwishoni akaletwa Mzee Moloimet. Ni Mmasai wa Arash, ana umri wa miaka sitini na minane kwa hesabu za mtoto wake. Alipigwa kiharusi akiwa malishoni, upande wa kulia wote ukalala. Kijana wake, Kimaren, alimleta kwa gari la kukodi, wakashinda njiani kutwa nzima kwa jinsi barabara ya kule ilivyo, na walipofika mzee alikuwa amefungwa shuka kifuani asianguke kwenye kiti. Nilimuuliza Kimaren tunachouliza kila familia: mzee angependa kuweza nini? Wengi husema kutembea. Kimaren alifikiri, akaniambia kwa sauti ya chini kwamba baba yake anataka jambo moja, aweze kwenda haja mwenyewe, bila kushikwa na wajukuu. Mengine ya ng'ombe na mikutano watamletea pale alipokaa. Nikaliandika hivyo hivyo.

Sasa ninaye mtaalamu mmoja anaitwa Nosim. Ana miaka ishirini na minane, alisomea Moshi, ana mikono mizuri kuliko wote ninaowaongoza, hata kuliko yangu. Naye ni wa huko huko Arash. Dada, nilivyofurahi! Lugha moja, kata moja, mila moja. Nikasema huyu mzee amepata bahati. Nikamgawia Nosim palepale, na kikaoni nikawahubiria wenzake kwamba hivi ndivyo kiongozi anavyopanga watu. Vedasto, yule wa Endabash ambaye ni mkongwe kuliko sisi sote, alinitazama tu. Nilidhani ana wivu.

Wiki ya kwanza mzee hakufanya chochote. Nosim alikuwa akifika anainamisha kichwa, mzee anamgusa utosini kwa mkono wake wa kushoto ulio mzima, wanasalimiana vizuri kabisa. Halafu Nosim akikunja blanketi ashike mguu, mzee anavuta shuka hadi kidevuni, anafumba macho na kugeukia ukutani. Wiki ya pili vilevile. Wiki ya tatu akaanza kukataa hata kuogeshwa. Chakula anakula, akisalimiwa anaitikia, lakini mwili wake hataki uguswe. Kwenye faili Nosim akaandika neno letu: hashirikiani. Kila Jumatatu akawa analisoma kwa sauti ndogo huku anatazama kalamu yake.

Katikati ya wiki ya tatu Nosim alikuja ofisini. Aliomba abadilishiwe, apewe kina mama wa wodi ya pili, na mzee apewe mwingine. Nilimuuliza sababu, akasema hana sababu, anaomba tu. Nilimkalia kooni. Nilimwambia hapa hatuchagui wagonjwa kama watu wanavyochagua nyanya sokoni, na kwamba mgonjwa mgumu ndiye anayempima mtaalamu. Alisema sawa, mama, akatoka. Nilijiona nimemjenga.

Wiki ya tano Kimaren alirudi kumwona baba yake. Alimkuta amekonda, amelala vilevile alivyomwacha, na kisigino cha mguu wa kulia kimeanza kidonda. Nami badala ya kuona aibu nilimweka kiti moto. Nilimwambia baba yake ni mkaidi, kwamba tumempa mtu wetu bora na hataki, na kwamba zimebaki siku tisa, baada ya hapo amchukue. Kimaren alisikiliza mpaka mwisho, ana adabu sana yule kijana. Kisha aliuliza huyo mtu wetu bora ni nani. Nikasema ni Nosim, tena ni wa kwao. Akauliza Nosim wa nani. Nikafungua daftari la wafanyakazi nikamsomea: Nosim Koinet.

Alishika mdomo wake kwa kiganja. Akatoka nje akasimama kwenye nyasi, nikamfuata. Alianza kunieleza taratibu, kama anayemweleza mtoto. Koinet na baba yake ni rika moja, rika la Makaa. Walikuwa morani pamoja, walikula nyama pamoja porini, na hadi leo wanaitana kwa jina la rika lao. Kwa Wamasai, binti wa mtu wa rika lako ni binti yako. Si kwa heshima ya maneno tu, ni binti yako kabisa: humwoi, humtanii, na hakuoni mwili. Ukimvunjia heshima hiyo ni laana, na wazee wa rika watakuita. Kwa hiyo, alisema Kimaren, wewe mama umemletea baba yangu binti yake, umemwambia amfunue mapaja.

Nilimuuliza kwa nini basi mzee hakusema. Wapo hapa wauguzi wa kiume, wapo watu wanaokijua Kimasai. Angesema neno moja tu tungembadilishia. Kimaren akaingia wodini kumuuliza baba yake, akanirudia pale pale kwenye nyasi na jibu. Mzee alisema akilalamika watu watasema binti amekosea, na binti wa Koinet asije akapoteza kazi kwa sababu ya mguu wa mzee. Aliona afadhali arudi nyumbani amelala.

Niliporudi ndani nilimwita Nosim. Nilimuuliza kama alijua. Alilia, dada, machozi yake yalikuwa yamesubiri siku nyingi. Alisema alijua tangu saa ya kwanza, mzee alipomuuliza jina la baba yake. Alisema alitaka kuniambia siku ile ofisini, lakini nilikuwa na ule uso wangu, na aliogopa nitasema analeta mambo ya bomani kazini. Naye hakutaka kumtaja mzee, maana kumtaja tu mtu kama huyo kwa jambo kama hilo ni kumwaibisha. Basi wote wawili walinyamaza kwa kuheshimiana, na mimi katikati yao nikawa naandika hashirikiani.

Nilikwenda kwa Mzee Moloimet siku hiyo hiyo. Nilipiga magoti kando ya kitanda, Kimaren akatafsiri. Nilimwambia kosa ni langu, si la binti, na kwamba binti hatafukuzwa, ataongezewa heshima.  Mzee aliuliza kama mimi nina baba. Nikamwambia alifariki. Akasema pole, akanishika mkono. Sikujua kama nimesamehewa ama nimehurumiwa.

Tukapanga upya. Vedasto akashika mwili wa mzee. Lakini Vedasto Kimasai hajui hata cha kuombea maji, na mzee Kiswahili chake ni cha mnadani, bei na rangi za ng'ombe tu. Na mtu aliyepigwa kiharusi anahitaji kuambiwa kila kitu kwa wakati wake, sasa egemea, sasa sukuma, sasa pumua. Kimaren hakuweza kubaki, ana mifugo, na wafanyakazi wengine wanaojua Kimasai wana zamu zao. Nosim ndiye aliyepata njia. Alisema avutiwe lile pazia zito la kugawanya ukumbi, yeye akae upande wa pili na kiti chake, asione kitu, na Vedasto amwambie anachotaka. Basi ikawa hivyo kila asubuhi. Vedasto anasema, Nosim anatafsiri kupitia pazia, mzee anafanya. Siku ya kwanza tu aliketi ukingoni mwa kitanda peke yake kwa dakika nne. Mtu niliyeandika kwamba hashirikiani! Vedasto alijifunza kuhesabu hadi kumi kwa Kimasai, na lafudhi yake ya Kiiraqw ilimchekesha mzee hadi tukaogopa ataanguka.

Wiki ya sita ikatimia akiwa ndiyo kwanza anajifunza kusimama. Sista Mkuu akaja na daftari la wanaosubiri, akanikumbusha sheria yangu kwa maneno yangu mwenyewe. Nilimwambia sheria ile ilitungwa na mtu asiyejua, na mtu huyo nimemfukuza. Alisema hiyo si sababu ya kuandika kwenye taarifa. Nikaandika nyingine: kwamba mgonjwa alianza matibabu wiki ya tano kwa uzembe wa kiongozi wa timu, apewe wiki sita kuanzia siku hiyo. Nikaweka sahihi yangu chini. Aliisoma mara mbili, akaniuliza kama nina hakika nataka ibaki kwenye faili. Nikasema ibaki.

Jumatano iliyopita, Mzee Moloimet aliinuka kitandani, akashika fremu yake ya kutembelea, akavuka ukumbi kwa hatua arobaini na moja. Vedasto alikuwa nyuma yake bila kumgusa. Sisi wengine tulisimama kama watu wanaopokea maandamano. Alifika mlango wa choo, akaingia, akageuka akatutazama wote tulivyomkodolea macho, akatufungia mlango, na tukasikia komeo likiingia. Hakuna aliyethubutu kupiga makofi. Nosim alikuwa jikoni amejifungia kwa makusudi, nikamfuata nikamwambia, akaruka akanikumbatia na unga mikononi. Juzi Ijumaa Kimaren alimchukua baba yake kurudi Arash, na mzee alipanda gari akishika mlango mwenyewe.

Ningetaka habari iishie hapo, dada, ingekuwa ya kujisifu nayo. Sasa nakuja kwenye yale yaliyonifanya nisiweze kupiga simu.

Unamkumbuka baba mkwe wangu, Mzee Josephati. Ndiye seremala anayetutengenezea fremu, magongo na vile vibao vya kuhamishia mgonjwa kutoka kitandani kwenda kitini. Meza yake ya randa iko kwenye baraza, na baraza lile halina ukuta upande wa ukumbi wa mazoezi. Akiinua kichwa anaona ukumbi mzima. Tuliliweka hivyo ili awapime wagonjwa wakiwa wamesimama. Unajua pia kwamba mimi na yeye ni salamu tu, yeye ni mkwe, akiwa na neno kwangu hulipitisha kwa mwanawe. Basi jana tukiwa mezani, Emilian aliweka kijiko chini akasema baba yake ameniulizia jambo. Anauliza kama kwa huyu mzee wa Kimasai sasa nimeelewa kwa sababu gani yule mama alikataa.

Nilimuuliza mama yupi. Akasema mama yako.

Dada, Mama alipokuwa akitibiwa hapa kituoni mwaka juzi, mkeka wake wa mazoezi ulikuwa hatua kumi kutoka kwenye meza ya Mzee Josephati. Mkwe wake! Baba wa mume wa binti yake, mtu ambaye Mama hajawahi hata kula mbele yake, mwanamke ambaye akimwona njiani hurekebisha khanga kabla ya kuitikia salamu. Na mimi nilikuwa nikiagiza alazwe chali, anyanyuliwe mguu, avutwe goti hadi kifuani, saa nne asubuhi, kweupe. Alikuwa anakaza mwili, anashika khanga kwa mkono mmoja, analia bila sauti. Nami nilikuwa nawaambia vijana wasimwonee huruma kwa sababu ni mama yangu, wamchukulie kama mgonjwa yeyote. Nilimwita mgonjwa wa kitanda cha tisa. Nilitaka waone kwamba kiongozi wao hana upendeleo.

Mzee Josephati aliliona siku ya kwanza. Alijaribu kugeuza mgongo, lakini randa haipigwi kinyumenyume. Hakuweza kunieleza, angeanzia wapi mkwe kuniambia kwamba ameona mapaja ya mama yangu? Wiki ya nne akabeba meza yake mwenyewe, akaihamishia nyuma ya jiko bila kusema neno. Unajua nilifanya nini? Niliona amehama bila ruhusa, nikamtumia ujumbe kwa Emilian kwamba kituo kina utaratibu na meza irudi mahali pake. Akairudisha. Mficha maradhi kilio humfichua, lakini mimi sikufichwa kitu, kiliwekwa mbele yangu nami nikakisukuma pembeni. Kwa mzee wa Arash ningeweza kusema sikujua mila za watu. Kwa Mama sina pa kusingizia, ni mila zangu.

Leo baada ya misa nilikwenda kituoni nikalitoa faili la Mama. Neno lile limeandikwa mara sita, na mara zote sita sahihi ni yangu. Na lipo jambo la pili, ndilo ungamo lenyewe, nakuomba ulisome ukiwa umeketi kweli.

Nilikuambia kwamba daktari alisema Mama amefika kikomo. Si kweli. Daktari hakusema hivyo. Ile karatasi yake ninayo hapa mezani, ameandika kwamba mguu wa kushoto una nguvu, mgonjwa ana matumaini ya kusimama na kuhama mwenyewe, aendelee kwa wiki nane zaidi. Wiki nane, Blandina. Niliikunja nikaiweka nyuma ya faili. Sheria yangu ilikuwa na mwaka mmoja na nusu, watu walikuwa wanaitazama kama itamshika na mama wa mwenye sheria, na kitanda cha tisa kilikuwa kinasubiriwa na familia moja ya Oldeani iliyokuja kila siku kuuliza. Niliogopa kusemwa kuliko nilivyoogopa Mama kulala. Nikasema kikomo, kwa sababu ni neno ambalo mtu asiyesomea kazi hii hawezi kulibishia. Nawe ukaniamini, ukafunga kibanda chako cha kushona pale Karatu mjini, ukauza ile cherehani, ukarudi Dongobesh kumbeba Mama kwa mgongo wako. Mgongo unaouma leo ni mimi niliyeuumiza. Mama hakufika kikomo. Hakuwa mkaidi. Alikuwa anajisitiri, nami nikamwadhibu kwa hilo.

Sikuombi unisamehe ndani ya barua moja. Ukinikasirikia mwaka mzima nitaubeba mwaka huo. Lakini hasira yako isimlaze Mama siku moja zaidi, hilo nitalipigania hata nawe.

Nimeomba likizo ya wiki tatu, nimepewa, na Sista Mkuu nimemweleza sababu yote bila kupunguza. Nakuja Jumamosi hii kwa basi la asubuhi. Nakuja na fremu, kibao cha kuhamia na kiti chenye tundu. Vyote amevitengeneza Mzee Josephati usiku wa kuamkia leo, hakuniuliza vipimo. Alimwambia Emilian kwamba urefu wa yule mama anaukumbuka. Nosim anakuja nami. Nilipomsimulia, yeye ndiye aliyesema atakuja, akasema yeye si mkwe wa mtu yeyote Dongobesh.

Sitakudanganya mara ya pili, kwa hiyo nakuambia ninachokiona kama mtaalamu. Miaka miwili na zaidi ni mingi. Goti lile limekaza, nililishika Pasaka kabla hujanifukuza. Pengine hatatembea kwenda kanisani. Lakini ninaamini ataweza kuketi bila kuegemezwa, ataweza kusimama kwa kushika fremu, na ataweza kuhama kutoka kitandani kwenda kwenye kiti bila wewe kumbeba. Kwa hilo tu wewe utapata usingizi na yeye atapata faragha yake. Wiki tatu hazitatosha, nitakufundisha tuendelee, na nitakuwa nakuja kila Jumamosi ya pili hata mvua ikate barabara. Ukinifungia mlango nitakaa nje kwenye kuni zako hadi ufungue, unanijua.

Msalimie Mama kwa heshima zote. Wasalimie majirani na mke wa katekista, hata kama dawa alijipaka. Emilian na watoto wanawaombea, na baba mkwe, kwa mara ya kwanza tangu niolewe, ameniambia mwenyewe kwa kinywa chake nifikishe salamu zake kwa mama yangu. Zifikishe.

Na kabla sijafika, nifanyie jambo hili moja. Keti karibu na Mama, wawili tu. Mweleze kwamba nakuja kuanza upya. Halafu mwulize swali ambalo sikumwuliza: akifunuliwa mguu, anataka nani atoke nje? Akimtaja Nosim, Nosim atasubiri jikoni. Akikutaja wewe, toka, dada. Na akinitaja mimi, usimbembeleze. Nitakaa nyuma ya mlango, nimwelekeze Nosim kwa sauti tu.

Mdogo wako mwenye kosa,
Selina